Wageni wa Matanga

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta ninatukana. Padri wa parokia yetu alinishauri nisubiri nipoe kwanza. Sijapoa, na sioni dalili ya kupoa, kwa hiyo ninaandika hivi hivi, na mwenye kuumia aumie.

Nina malewa yangu hapa Butembo, yaani mgahawa wa mabati na mabenchi, karibu na maegesho ya malori yanayokwenda Beni na Kasindi. Ninapika bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na mbuzi. Madereva wengi wa barabara hiyo ni Waislamu, na Mwislamu hali nyama asiyojua ilichinjwa na mkono gani. Sisi Wakatoliki tunakula tu, mradi imeiva. Basi hapa kwetu, mtu mwenye adabu akiwa na arusi, ubatizo au matanga, anamwita Mwislamu ashike kisu, na wageni wote wanakula kutoka sufuria moja. Hakuna sheria iliyoandikwa popote. Ni adabu, kama vile kumpisha mzee mlangoni.

Mchinjaji wetu alikuwa jirani. Ukuta wa jiko langu la nyumbani ndio ukuta wa ua wake. Alichinja mbuzi wa komunio yangu ya kwanza nikiwa na gauni jeupe, akanifukuza nisirukiwe na damu. Alichinja wa arusi yangu, na ndoa ilipovunjika alisema angejua asingejisumbua. Ni mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na mkewe anauza vitenge sokoni. Mtaa mzima ulimwita Muchinjaji, watoto kwa wakubwa, na aliitika kama wengine wanavyoitika mwalimu au daktari.

Kisha wale wa msituni wakaliiba neno lake.

Sitawapa jina. Wana majina ya kutosha kwenye redio. Ni watu wanaoingia vijijini upande wa Beni na mapanga, wanaua wakulima, wanabeba vijana na wasichana, na wale wanaowabeba wanawalazimisha kusali kwa namna yao na kuishi kwa amri zao huko msituni. Wanasema ni dini. Mimi si mtaalamu wa dini ya mtu, lakini nimeishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu maisha yangu yote, na dini hiyo ya msituni sijawahi kuisikia ikitoka upande wa pili wa jiko langu. Watu wa vijijini, kwa vile waliona waliyoyaona, wakawaita bachinjaji. Likawa ndilo jina lao. Mtoto akisumbua usiku anaambiwa bachinjaji bako nje.

Baba yangu walimuua katika shamba lake la kakao karibu na Mbau. Alikwenda kuvuna, kwa sababu kakao ikiiva haisubiri amani. Msimu huo huo, kwenye barabara hiyo hiyo, walimsimamisha mdogo wake yule jirani mchinjaji, aliyekuwa dereva wa pikapu. Walipogundua ni Mwislamu walimwambia awabebee magunia na awafuate. Alikataa. Walimwambia asali, akasali, na abiria mmoja aliyenusurika akatusimulia kwamba alisali vizuri kuliko wao. Wakamuua vilevile. Maiti zote mbili zilirudi Butembo, na mama yangu na mke wa jirani walilia kwenye ua mmoja, wakipokezana, mmoja akichoka mwingine anaendelea.

Ungedhani mtaa ungekumbuka hilo. Haukukumbuka. Kadiri habari za Beni zilivyozidi kuwa mbaya, ndivyo watu walivyoanza kumtazama jirani mikono. Mkewe akaanza kutoka nyumbani bila kitambaa cha kichwa, mwanamke ambaye nywele zake sikuwahi kuziona, kwa sababu sokoni walimuuliza kama ameficha bomu. Madereva wakawa wanaingia malewani na kofia mfukoni. Mmoja alikula haraka akaniomba nisimtaje kwa jina lake la Kiislamu mbele ya wateja. Niliona aibu ambayo haikuwa yangu, na hasira yote ilikuwa yangu.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutaelewa ujinga uliofuata. Baba alikuwa na mwiko wake, sijui aliutoa wapi: mnyama wa matanga hatajwi kabla hajachinjwa. Husemi mbuzi. Unasema mgeni. Mgeni amefika, mgeni ni mnene, mgeni mfungeni nyuma ya nyumba. Alisema ukimtaja unamwonyesha kifo njia ya kwenu. Tulizoea tangu utotoni, tukamcheka, na tukaendelea kusema hivyo hivyo. Alipokufa tukashika neno hilo kwa nguvu zaidi, kwa sababu lilikuwa lake.

Mwaka ulipopita tukaandaa mwisho wa matanga yake, Jumapili, baada ya misa. Kaka yetu mkubwa, tunayemwita Yaya kama mkubwa yeyote anavyoitwa huku, anayefanya biashara ya kakao Beni, alisema mbuzi ni kazi yake. Akaenda kuwatafuta upande wa Kayna, ambako alisema wananona, na Jumamosi asubuhi lori lake likaingia maegesho ya Butembo. Mpwa wetu akawaleta mbuzi nyumbani. Yaya, badala ya kutembea hatua chache aje kusema, akachukua simu na kutuma sauti kwenye kundi la familia. Ninaijua kwa moyo, nimeisikia mara nyingi mno:

"Bageni bamefika salama, banono bote. Ambieni muchinjaji kesho akuye mapema na kisu yake, amalize kazi mbele batu batoke ku misa."

Sisi tulisikia mbuzi wachinjwe kabla misa haijaisha. Mama alisema ahsante Mungu, akanituma nimwambie jirani. Nilimwita kupitia ukuta, akasema amesikia, na nikarudi kuosha masufuria.

Lakini mke wa Yaya naye yuko kwenye kundi hilo, na mke wa Yaya hawezi kupata kitu bila kukigawa. Aliituma kwa ndugu zake wajue saa ya kufika. Ndugu mmoja akaituma kwa rafiki. Mahali fulani njiani familia yetu ikadondoka kwenye ile sauti kama unyoya, ikabaki sauti ya mwanaume asiyejulikana, wageni waliofika, kisu, na watu wanaotoka misa. Mtu akaandika chini yake: sikieni wenyewe, wameshaingia Butembo.

Mchana dereva mmoja akanyanyua simu yake malewani ili wote tusikie. Nilitambua sauti ya kaka yangu na, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa peke yangu. Mwanamke mmoja aliyekimbia mauaji ya Oicha na watoto wake aliacha sahani akaanza kuwakusanya. Nilisema jamani hiyo ni mbuzi, ni matanga ya baba. Walinitazama kama mtu anayeropoka kwa homa, na benchi likabaki tupu.

Nilikimbia nyumbani. Nilipofika vijana walikuwa wamejaa kwenye ua wa jirani, kwa sababu sauti ilisema mchinjaji, na mchinjaji waliyemjua alikuwa mmoja. Na yeye, maskini, walimkuta ameketi mlangoni akinoa kisu kwa ajili ya mbuzi wetu. Hebu fikiria. Walikuja kumtafuta mtu mwenye kisu wakamkuta nacho, na jiwe la kunolea, na maji ya kulowesha. Aliyekuwa mbele yao ni fundi wa pikipiki anayekula kwangu kila mchana. Huyo amekula nyama ya mkono wa jirani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mdomo wake huo huo ndio uliokuwa unapiga kelele kwamba leo ndiyo siku.

Walikuwa wameshampiga. Jicho moja lilikuwa linafumba. Mkewe alikuwa amelala juu yake, na walikuwa wanamvuta miguu.

Nilimpigia Yaya simu. Alikuwa bado kwenye kabini ya lori, karibu kiasi kwamba angekuja kwa miguu kabla simu haijakatika. Nikamwambia njoo useme ni wewe, neno moja tu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la busara, kwamba akisema sauti ni yake watasema na yeye ni wa wale, na ana watoto. Akazima simu. Mwana wa baba yangu, aliyetaka wote tujue kwamba mbuzi ni kazi yake.

Basi nikafanya kilichonijia. Nilirudi nyuma ya nyumba, nikafungua mbuzi, nikawakokota kwa kamba mpaka katikati ya ule umati. Mmoja alikuwa dume mwenye ubishi na alimpiga kijana mmoja pembe kwenye paja. Mama alinifuata na kitenge chake cheusi cha ujane. Nikapaza sauti kwamba hawa ndio wageni, watazameni, huyu mgeni ana ndevu, huyu mgeni amekunya njiani. Wengine wakaanza kucheka, na niliona mikono ikilegea. Wazee wawili wa mtaa walisema ni kweli, marehemu alikuwa anasema hivyo.

Fundi hakucheka. Mtu akishajitangaza shujaa ni vigumu kumrudisha kuwa fundi wa pikipiki.

"Mbuzi munaleta ya kufunika tu," alisema. "Mwenye sauti iko wapi? Akuye aseme."

Ndilo swali pekee la akili aliloliuliza siku hiyo. Nilisema ni kaka yangu, yuko pale kwenye maegesho, kajifungia kwenye lori. Wakaniambia nimlete. Na mtu anayejificha unaanzaje kusema hana kitu cha kuficha?

Wanajeshi wakafika. Tangu mkoa uwe chini ya utawala wa kijeshi, ugomvi wa kuku wawili ni kazi yao. Walitawanya vijana, na kwa hilo niliwashukuru kwa muda mfupi sana, kwa sababu hawakumkamata aliyepiga. Walimkamata aliyepigwa. Wakachukua na kisu, wakakifunga kwenye mfuko wa plastiki kama kitu cha ajabu, kisu ambacho kila nyumba ya mtaa huo imekula nyama iliyochinjwa nacho. Wakasema ni kwa usalama wake.

Ofisini kwao walimweka kasho, yaani mahabusu. Mkuu aliyetupokea alikuwa mstaarabu, na ustaarabu wake ulinichoma zaidi. Alitupa viti. Aliisikiliza ile sauti mbele yetu mara tatu, akitikisa kichwa.

"Mama, mi naelewa," alimwambia mama yangu, akichanganya na Kifaransa. "Mais huyu mutu anasema kisu. Anasema misa. Donc nitafanya nini? Muniletee mwenye sauti, aandikishe hapa ku bureau, nitamufungua."

Nilimwuliza kwa nini hawaendi kumchukua wenyewe. Akasema hakuna malalamiko dhidi yake. Nikasema dhidi ya jirani malalamiko yako wapi? Akasema mtaa. Mtaa unalalamika. Nilitaka kuuliza mtaa una kitambulisho gani, lakini mama alinishika mkono.

Nilikwenda mpaka kwenye lori. Yaya alikuwa amepandisha vioo. Nilipiga mlango wa kabini mpaka madereva wakatoka kutazama, na nilimwita majina ambayo padri hatanisamehe nikiyaandika. Nilimwambia baba aliuawa na watu waliomtazama wakaona dini tu, na sasa mwanawe anamwacha mtu auawe kwa jambo hilo hilo. Alilia. Nilimwona akilia kupitia kioo na sikumhurumia hata kidogo. Hakufungua.

Niliporudi, mama alikuwa ameondoka kwenye kiti, amekaa chini kwenye vumbi nje ya geti la ofisi, miguu ameinyoosha, vile wanawake wanavyokaa kwenye msiba. Akanyoosha mkono akataka simu yangu. Mama hakuwahi kutuma sauti maishani mwake. Aliishika mbali na mdomo, nikambonyezea kitufe, akasema polepole, bila kulia:

"Mimi ni mujane. Bachinjaji ba ku pori baliua bwana yangu kule Mbau. Ile sauti munasikia ni ya mutoto yangu, anaogopa. Bageni ni mbuzi, bwana yangu ndiye alikuwa anasema vile. Na muchinjaji ni wangu, mimi ndiye nimemuita. Mwenye anataka kumuua aanze na mimi. Niko hapa chini, mbele ya bureau. Sitoke."

Niliituma kila mahali. Niliituma kwa madereva, kwa wateja, kwa wanakwaya, kwa mke wa Yaya pia, nikijua kwamba angalau safari hii tabia yake itasaidia. Nilituma mpaka kwa fundi.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mwanamke wa Oicha aliyekimbia malewa yangu mchana. Alikuja na watoto wake, akaketi karibu na mama bila kusalimu. Wakaja wengine, wajane wa barabara ile, wanawake waliofukuzwa na wale wa msituni kutoka mashamba ya Mbau, wengine mpaka kutoka Mutwanga, wanaolala kwa ndugu hapa Butembo na ambao hakuna mtu angeweza kuwaambia hawajui bachinjaji ni nini. Walikaa chini wote. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Mkuu alitoka, akarudi ndani, akatoka tena. Alimwambia mama aende nyumbani. Mama alimjibu kwa Kinande, lugha yetu, ambacho hakukielewa, na wanawake waliokielewa waliinamisha vichwa wasicheke.

Jua lilipokuwa linashuka wakamtoa jirani. Hawakumrudishia kisu. Wakasema kitabaki kwa uchunguzi. Alisimama getini akiwatazama wale wanawake wote kwa jicho lake moja, na mkewe akamwongoza kwa mkono kama kipofu.

Jumapili alfajiri alikuja. Hatukumwita. Nilimsikia akigonga na nilipofungua alikuwa ameazima kisu kwa mwenzake. Mama alimwambia si lazima, mwanangu, pumzika. Akasema aliahidi. Akaelekeza mbuzi kibla, akatamka jina la Mungu kwa sauti ndogo sana, akitazama nyuma kwenye ukuta kuona nani anasikia. Zamani alikuwa analitamka mpaka mimi ninasikia nikiwa kitandani.

Watu walijaa. Fundi naye alikuja, amevaa shati la kanisani. Nilimpakulia nyama kwa mkono wangu, kwa sababu mama alikuwa ananitazama, vinginevyo sufuria nzima ingekuwa kichwani mwake. Alikula akaomba kuongezewa. Hakuna aliyeomba radhi, si yeye, si wenzake. Yaya alitoa hotuba, akashukuru wote waliofika kutoka mbali.

Jirani hakula. Alisubiri wageni wapungue, akamkaribia mama, akainama kidogo vile anavyofanya akiongea naye.

"Mama, wasingya kwa yote," alisema, akimshukuru kwa Kinande. "Mais musiniite tena ya kisu. Muniite ya kukula tu."

Mama alisema sawa. Angesema nini?

Siku hizi yeye anauza vitenge pamoja na mkewe. Malewani sipiki tena mbuzi. Madereva wananiuliza, ninawaambia imekwisha, wanaelewa na wanakula maharagwe. Wengine wa mtaa wanachinja wenyewe, vibaya, mnyama anateseka na nyama inakuwa ngumu.

Majuzi Yaya alibatiza mtoto, na karamu ikafanyika kwetu. Binamu alishika kisu. Palikuwa na sufuria mbili, moja ya nyama na moja ya maharagwe, na sikumbuki kama hilo liliwahi kutokea katika ua wetu. Jirani alikuja na mkewe kama alivyosema, wakakaa pembeni na maharagwe yao, wakipongeza mtoto. Wale wa msituni hawakuwahi kufika mtaani kwetu. Hawajui nyumba yetu iko wapi. Walitaka Mwislamu na Mkristo wasile pamoja, na tumewafanyia wenyewe, bure, na simu zetu na mdomo wetu.

Yaya akaja na sahani imejaa, anang'aa kwa furaha ya baba, akaiweka mbele ya jirani.

"Jirani, mbona hukule nyama?" alisema. "Iko tamu."

Jirani akatabasamu, akasema ameshiba.

Niliichukua ile sahani nikaipeleka kwa mbwa. Kisha nikachota maharagwe, nikaketi na jirani, na mama akaja na sahani yake akaketi upande wa pili. Yaya alibaki amesimama, akiniuliza sasa amekosa nini.